Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tunaokota Nini, na kwa Suali Gani?

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Hesabu atazisoma Mshika Fedha, na ziara za Jambiani na Pemba zimo katika kumbukumbu za Katibu, kwa hivyo sitazirudia. Nitazungumzia jambo lililotugawa mwaka mzima: kabati letu la visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhika maweni, limejaa, na baadhi yenu mnataka la pili. Mimi nasema tusinunue kabla hatujakubaliana tunatafuta nini.

Wataalamu wenyewe wamebadilisha masuali mara nyingi. Mwishoni mwa karne ya 18, Georges Cuvier, mtaalamu wa wanyama wa Kifaransa, alilinganisha mifupa ya tembo wa kale na ya tembo walio hai, akathibitisha jambo ambalo wengi hawakulikubali, kwamba jamii nzima ya wanyama huweza kutoweka duniani. Uingereza, William Smith, mpima ardhi, hakujali nani katoweka. Alitaka kuyatambua matabaka ya mawe, na visukuku vikawa alama zake hadi akatoa ramani yake ya matabaka hayo, 1815. Baada ya Darwin kutoa kitabu chake cha mageuzi ya viumbe, 1859, watu wakaanza kutafuta nasaba.

Kisha yakaja mashindano ya mifupa mikubwa, na hapo nasi tumo. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, Lindi. Wanaotajwa sana ni Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini mizigo ilifika bandarini kwa vichwa na mabega ya watu wetu, na msimamizi hodari wa kazi alikuwa Boheti bin Amrani. (Jina hilo lingefaa kusomeshwa maskulini.) Kilichotakiwa ni kiunzi cha dinosaria cha kusimamisha, mwaka 1937 kikasimama Berlin, na leo kimo chake ni zaidi ya mita 13. Mwaka 2000 Wajerumani walirudi Tendaguru wakiwa pamoja na Watanzania, na safari hii waliuliza habari za mazingira: matabaka yenyewe, chavua, viumbe vidogo. Udongo uliokuwa ukikwanguliwa ili mfupa utoke safi sasa nao ukawa na la kusema.

Visiwani kwetu suali lililetwa na mafuta. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, BP na Shell walichimba visima vya utafiti Unguja na Pemba. Katika kazi hiyo mfupa mkubwa haufai kitu, maana kekee huusaga. Kinachofaa ni magamba ya foraminifera, viumbe vya baharini ambavyo vingi havionekani vyema bila ya hadubini. Aina zake hubadilika tabaka kwa tabaka, na mchimbaji hujua kwazo amefikia mawe ya umri gani. Magamba ya namna hiyo yaliyotolewa Kilwa na Lindi karne hii, yaliyohifadhiwa vizuri mno na udongo wa mfinyanzi, yamepimwa kemia yake ili kujua joto la bahari zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Walioanza na mafuta wameishia kwenye hali ya hewa, kwa punje zile zile.

Tutazame pango la Kuumbi, Jambiani. Uchimbaji wa 2005 ulioongozwa na Profesa Felix Chami ulitafuta zaidi habari za watu: nani alikaa pale, tangu lini, alifuga nini. Waliofuata wakaiuliza mifupa suali jengine: pundamilia na nyati waliokuwa wakiishi Unguja walipatwa na nini bahari ilipopanda na kukikata kisiwa na Bara? Mifupa isingejibu lolote kama haikuandikiwa kina na tabaka.

Sasa fungueni kabati letu. Mna makombe na matumbawe mazuri kutoka maweni, na kadi nyingi zimeandikwa “Unguja”, basi. Limetoka usawa wa maji au juu ya jabali? Haijulikani. Na hilo ndilo lingekuwa suali letu hasa, kwa sababu jabali la matumbawe lililobaki juu hutuonesha bahari ilifika wapi. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita maji duniani yalikuwa mita kadhaa juu ya yalipo leo. Watu wa visiwa tusipolishughulikia hili, nani atatufanyia?

Najua Kamati ya Maonesho haitafurahi. Watoto hupenda mifupa mikubwa, lakini mawe yetu ya juu ni machanga mno kwa dinosaria, na sitoi fedha za chama kununua sanamu lake.

Napendekeza fedha za kabati zinunue hadubini, chekeche za matundu madogo na tepu za kupimia. Kusiokotwe kitu bila ya ruhusa ya idara inayohusika na sheha wa pahala, na bila ya kuandika mahali, tabaka na urefu kutoka usawa wa maji. Vilivyomo kabatini vibaki kwa kufundishia.

Hoja hii ni ya nne katika ajenda. Mwenye marekebisho amkabidhi Katibu kabla ya sala ya Adhuhuri. Tukirudi tutapiga kura.