Barua ya malalamiko kuhusu kabati la vifaa vya kujazia risasi

Louisville, Kentucky
12 Juni 2023

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KABATI LA DROO 24 NA MAKOPO YA BARUTI – KUREJESHEWA FEDHA NA KUONDOLEWA KADI YA MAELEKEZO

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu karatasi yenu ya dhamana inasema mteja anaweza kuleta lalamiko kwa lugha yake, na Kiswahili kimo kwenye orodha, cha nne kutoka juu. Kwa simu nimeongea Kiingereza mara tatu na mara zote tatu hatukuelewana. Leo tujaribu hiki.

Tarehe 18 Februari mwaka huu nilinunua kwenu kabati la chuma lenye droo 24 za plastiki, makopo sita ya plastiki angavu yenye vifuniko vya kusokota, na karatasi moja ya lebo za kubandika. Nililipa dola 189, na usafirishaji dola 34. Tangazo lenu lilisema ni kabati la mjazaji risasi, kila kitu mahali pamoja, kila droo inabeba pauni 20, na mlango una mpira wa kuzibia hewa ili unyevu usipite. Kwa mtu anayekaa bonde la mto Ohio, ambako kiangazi ukuta wa bezimenti unatoka jasho kama mtungi, hilo la unyevu ndilo lililonivuta.

Kijana aliyepokea simu yangu ya tatu hakujua kujaza risasi ni nini. Kwa Kiingereza fataki ya risasi, yaani kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, na rangi ya kwanza ya ukuta ni neno moja, "primer", naye akaniuliza kama rangi ilimwagika kwenye zulia. Kwa ajili yake nieleze kidogo. Huku Marekani mtu anaruhusiwa kujaza risasi zake nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe. Leseni inadaiwa akitaka kuuza. Ganda la risasi iliyopigwa halitupwi. Linasafishwa, linarudishwa umbo kwa kalibu, fataki iliyokufa inatolewa kitakoni na mpya inapachikwa, baruti inapimwa kwa mizani, kisha kichwa kinakandamizwa juu. Mimi nimefanya hivyo miaka saba, risasi za kulengea shabaha na chache za kulungu mwezi wa Novemba. Si utajiri unaotafutwa hapo. Fataki 1,000 nilizokuwa nikinunua kwa dola thelathini na kitu kabla ya 2020, baadaye zilipotea madukani, na ziliporudi bei ilikuwa imepaa mara mbili na zaidi. Mtu aliyepitia kipindi kile hatunzi vitu vyake ovyo.

Sasa niseme la droo.

Usiku wa tarehe 6 Mei nilikuwa jikoni najiandaa kwenda kazini. Kazi yangu ni kupanga mizigo uwanja wa ndege, zamu ya usiku, kwa hiyo ninyi mnaouza vyombo vya kupangia vitu mjue mnaongea na mtu ambaye mikono yake haijui kitu kingine. Nikasikia mshindo bezimenti, halafu mlio mrefu wa vitu vidogo vikimwagika, kama mtu amepindua gunia la njugu mawe kwenye sakafu ya saruji. Mama watoto akashuka mbele yangu na tochi. Droo ya safu ya pili kutoka juu ilikuwa imepasuka kitako, yaliyomo yakaangukia ya chini yake, ya chini ikaangukia ya tatu, mpaka safu nzima ikaachia reli.

Mtu wenu alinijibu kwamba nilizidisha mzigo. Hesabu hii hapa. Pauni moja ni greni 7,000. Ndani ya droo ile mlikuwa na vichwa 500 vya .45 (namba hizi ni majina ya ukubwa wa risasi), kila kimoja greni 230. Hiyo ni greni 115,000, sawa na pauni 16 na nusu kasoro. Ninyi mmeandika 20. Kama droo inayobeba 20 inapasukia 16, basi tatizo haliko kwenye hesabu yangu. Na picha ya tatu niliyoambatanisha inaonyesha kitako cha droo dhidi ya taa: unaona vidole vyangu upande wa pili.

Pengine utasema vichwa vimeokotwa, plastiki ni bei ndogo, yaishe. Ngoja. Droo tatu za chini zilikuwa na maganda, na maganda ya bastola yana tabia ya kuingiana. La milimita 9 linazama ndani ya la .40, nalo la .40 linazama ndani ya la .45, kama sufuria za dukani zinavyopangwa. Ukiinua la .45 huoni kwamba lina mimba. Ukilipeleka kwenye mashine, kalibu linakwama au linaharibika. La .380 nalo ni fupi kuliko la milimita 9 kwa milimita mbili tu na kipenyo karibu kile kile, jicho lililochoka linapitisha. Nilikuwa na maganda kama 1,400. Nilikaa nayo siku zangu mbili za mapumziko, miwani puani, nasoma maandishi ya kitakoni moja baada ya jingine.

Na hata baada ya kuyatenga, kuna kitu hakirudi. Maganda yangu nilikuwa nimeyapanga kwa idadi ya mara yaliyojazwa, maana shaba inachoka, na ganda lililojazwa mara nyingi hupasuka mdomo. Haya ya mara moja, haya ya mara tatu, haya ya mara sita, karibu yanastaafu. Sasa yote ni rundo moja lisilo na umri. Hilo siwadai fedha, maana sijui nilipime vipi. Nataka tu mlijue.

La makopo ni baya zaidi, na hapa nakiri kwamba na mimi nimo.

Ndani ya boksi mlitia kadi ya maelekezo. Inasema: mimina baruti kutoka kwenye chupa zake uiweke kwenye makopo angavu ili kuokoa nafasi, bandika lebo, panga ndani ya kabati, funga mlango mpaka mpira ushike. Imeandikwa kwa uhakika, na ina michoro. Kila mjazaji anafundishwa siku ya kwanza kwamba baruti haitolewi kwenye chupa yake ya asili. Nami nilifundishwa. Lakini kabati lilikuwa jipya, linang'aa, chupa zangu mbili zilikuwa nusu, nikajiambia waliotengeneza wanajua. Nikamimina. Wiki ya tatu ya Mei nikafungua mlango nikakuta lebo zote mbili zimelala chini ya shelfu, gundi yake imekauka kama utando wa uji. Mbele yangu makopo mawili, na ndani yake vijiti vyeusi, mithili ya ncha ya penseli iliyokatwakatwa, vinavyofanana kabisa. Moja inaungua taratibu, nyingine upesi. Kipimo cha moja ukikitia kwa nyingine, bunduki inaweza kupasukia usoni. Hakuna fundi wa kunusa wala kuonja anayeweza kuzitenganisha. Nilizimwaga zote kwenye nyasi za uwani, pauni moja na ushei jumla. Nyasi zimestawi, nashukuru.

Kosa la kumimina ni langu. Kosa la kuandika kadi ni lenu, na kadi imekwenda kwa watu wengi ambao pengine ndiyo kwanza wanaanza.

Kuna na hili la mpira wa mlangoni. Baruti ya siku hizi isiyo na moshi ikishika moto mahali pa wazi huwaka kwa nguvu, lakini huwaka tu. Ukiifungia ndani ya chuma kisichopitisha hewa, ile gesi na joto havina pa kutokea, na kabati zima linageuka bomu. Ndiyo maana chupa yake ya kiwandani imetengenezwa iachie upesi. Na ndiyo maana kanuni za kuzuia moto za Marekani, zile za shirika la kukinga moto, NFPA, zinaruhusu nyumbani mpaka pauni 20 zikiwa kwenye vyombo vyake vya asili, na kuanzia hapo mpaka 50 zinataka sanduku au kabati la mbao lenye ukuta wa inchi moja. Mbao, ndugu Meneja. Fataki nazo zina kikomo chake, 10,000, na zinakaa kwenye trei zake za kiwandani, kila moja na kitundu chake, kwa sababu zikirundikwa pamoja mlipuko wa moja unawasha zote. Kadi yenu ina mchoro wa fataki zikimiminwa kwenye droo namba 5! Hilo angalau sikulifanya.

Babu yangu kule Handeni, Tanzania, alikuwa na gobore. Hakusoma kadi yoyote, wala kusoma hakujua. Baruti aliitia kwenye pembe ya ng'ombe aliyoiziba kwa nta akaitundika darini, mbali na jiko. Fataki zilikaa kwenye kikopo cha ugoro, chini ya uvungu wa kitanda chake, chumba kingine. Tukimuuliza kwa nini asiviweke pamoja alituangalia kama tumeuliza kwa nini kuku asifugwe na kicheche. Ninyi na wahandisi wenu mmeuza dola 189 kitu ambacho mzee yule angekikataa kwa kukitazama.

Nimeshajipangia upya na imenigharimu chini ya dola 40, nikuambie jinsi ili usidhani nadai makubwa. Maganda yamo kwenye maboksi ya viatu ya plastiki, dola moja na senti kila moja, na yale machache kwenye makopo ya siagi ya karanga ambayo watoto wanamaliza kila wiki. Jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya utepe wa wapaka rangi, kwenye kopo lenyewe na si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Ndani ya kila boksi nimetia kikaratasi: aina ya ganda, limejazwa mara ngapi. Utepe ukibanduka, kikaratasi kinabaki. Vichwa, kwa kuwa ni vizito, vinakaa sakafuni juu ya ubao, havipandi tena shelfu. Baruti iliyobaki imo kwenye chupa zake nne za asili ndani ya kabati la mbao za msonobari nililoligonga mwenyewe, lina kufuli kwa ajili ya watoto, halizibi hewa, na liko ukuta ulio mbali na hita ya maji. Fataki ziko ghorofa ya juu kwenye kabati la nguo, na kufuli lake. Mezani inakaa chupa moja tu kwa wakati mmoja, na kazi ikiisha inarudi kabla sijazima taa.

Ninachodai ni hiki. Kwanza, dola 223 zangu zote, za kabati na za usafirishaji. Kuponi ya asilimia 10 mliyonitumia naikataa. Sina haja ya kununua kingine. Pili, mje mchukue kabati kwa gharama yenu. Tatu, na hili kwangu ndilo kubwa, muiondoe kadi ile kwenye maboksi yaliyobaki ghalani, na muwaandikie wote mliokwisha kuwauzia kwamba wasimimine baruti kwenye makopo yenu wala fataki kwenye droo. Anwani zao mnazo, maana mimi mnanitumia matangazo kila Jumanne bila kukosa.

Mtu wenu wa simu ya tatu, baada ya kuelewa kwamba hakuna rangi iliyomwagika, aliniambia kabati ni la matumizi ya jumla na kampuni haihusiki na kilichowekwa ndani. Nimeambatanisha tangazo lenyewe. Picha yake kubwa ina mashine ya kujazia, chupa ya baruti na risasi zilizopangwa mstari. Sijui matumizi hayo ya jumla ni ya nani.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka pamoja na picha kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Kentucky, kitengo cha kuwalinda walaji. Fomu nimeshaichukua.

Kabati limo gereji, limerudishwa kwenye boksi lake, isipokuwa makopo mawili yaliyokuwa na baruti, ambayo nimeyaosha na kuyatupa. Atakayetumwa kulichukua apige simu kwanza, na asije asubuhi. Zamu yangu inaisha saa moja, na saa mbili nakuwa nimelala.

Wenu,
Mteja

Viambatanisho: risiti, tangazo, kadi ya maelekezo (pande zote mbili), picha sita.