Barua kwa mafundi cherehani mliovuka arobaini

Wadogo zangu na wanangu wa meza ya kukatia,

Mlionizidi umri, shikamooni. Mliobaki, marahaba, najua mmeamkia.

Nashona hapa Ngamiani, Tanga, tangu mwaka 1979, na sasa nina miaka 68. Tundu la sindano silioni tena bila miwani, lakini mdomo mzima. Nimeshika kalamu kwa sababu ya neno ninalolisikia kila nikipita barazani kwenu: "Mimi nimeshona miaka ishirini, nijifunze nini tena?" Basi ngojeni niwasimulie mikono miwili ya kushoto.

Mwaka 2005 mama mmoja aliniletea satini ya gauni la harusi ya mwanawe. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha kubanabana. Siku zote mimi hukunja kitambaa mara mbili, naweka karatasi ya kukatia juu, napitisha mkasi, na mkono wa kulia na wa kushoto hutoka pamoja kama pacha. Siku hiyo kilichobaki kilikuwa kipande chembamba kisichokunjika. Nikakata mkono mmoja, nikasogeza karatasi, nikakata wa pili. Karatasi sikuigeuza. Nilipokwenda kuunganisha nikajikuta nimeshika mikono miwili, yote ya kushoto. Kingekuwa kitenge kizuri ningegeuza mmoja, yakaisha, kwani rangi yake huingia pande zote mbili. Satini ina uso na mgongo, haina siri.

Binti niliyekuwa namfundisha, miaka 19, alitazama, akasema taratibu: "Baba, karatasi hukuigeuza." Nikamtuma uzi dukani. Uzi ulikuwepo, tena umejaa kabati. Nilitaka tu aondoke asinione.

Satini ile dukani ilikuwa imekwisha. Nikamlipa yule mama kitambaa chote, na gauni likashonwa kwa fundi mwingine, mtaa wa pili, ambaye mpaka leo akiniona hucheka.

Hela iliniuma, lakini ilipona. Kisichopona upesi ni hiki: miaka 26 nilikuwa nakunja kitambaa bila kujua kwa nini nakunja. Bwana aliyenifundisha alikunja, nami nikakunja. Kukunja ndiko kulikokuwa kunanigeuzia karatasi, nami nikidhani ni ufundi wangu. Siku kitambaa kilipokataa kukunjwa, ufundi wote ukabaki kwenye mkunjo. Nanyi mna mikunjo yenu mingi. Kwa nini unapitisha kitambaa majini kabla ya kukata? Kwa nini kiuno unakipunguza hapo na si pale? Mkijibu "ndivyo tunavyofanya," hapo ndipo pa kuanzia.

Tena huyo binti nilimrudia baada ya siku mbili. Nikamwambia, "Nionyeshe." Akanionyesha kwa gazeti, si kwa kitambaa. Dakika tano hazikufika.

Kilichonipa moyo wa kumrudia ni mama yangu. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wanakusanyika kwenye vikundi, wanasikiliza redio, wanajadili, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Mama alikuwa na arobaini na kitu. Jioni, akishateka maji, alikwenda darasani na kandili. Mimi kijana wa miaka 16 nikaona herufi zake zimeangalia nyuma, nikacheka. Hakunigombeza. Alifuta kwa kidole akaandika tena, mbele yangu, hali nacheka. Aibu ile aliimeza mbele ya mwanawe, nami nashindwa mbele ya mwanafunzi?

Wengi hupenda kumtaja mzee Maruge wa Kenya, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Namvulia kofia. Lakini yeye alipata dawati. Ninyi mna ada za watoto na oda za Idi. Dawati lenu ni hiyo hiyo meza yenye chaki.

Kwa hiyo nunueni daftari. Langu lina jalada gumu. Kila nikiharibu, nakata kipande cha kitambaa hicho, nakibana kwa pini, naandika tarehe na chini yake sababu. Si "nilichoka," hiyo si sababu. Ukurasa wa kwanza ni satini, nyeupe kama maziwa, sasa imepiga manjano. Mwezi mmoja mmoja nalifungua na vijana wa kazini, nao wanaleta ya kwao. Wa kwanza kusoma ni mimi, maana mdogo hatavua viatu mkubwa akiwa amevaa.

Wapo watakaonitajia samaki mkunje angali mbichi. Sawa, huo ni usemi wa wavuvi. Sisi tunashika pasi: suruali iliyokaa sandukuni mwaka mzima, inyunyizie maji, inapata mkunjo mpya.

Ijumaa iliyopita nimebandika kipande kingine, cha sketi ya shule ya mjukuu wangu. Zipu nimeiweka vizuri kabisa, ila imekaa juu chini: inafunguka kutoka chini kwenda juu. Tarehe nimeandika. Mstari wa sababu bado mtupu. Nikipita kwenu Jumatatu nitakuja nao, mniangalizie.

Ni mimi mzee wenu wa Ngamiani.