Barua kwa Mwanangu: Mwandikie Atakayelifungua Jalada

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma rasimu ya barua yako ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, pamoja na barua pepe fupi unayokusudia kuituma nayo. Lugha yako ni safi na adabu ipo. Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo naona limekupita, na kwa kuwa ni jambo kubwa nimeona nikuandikie kirefu kuliko kukueleza kwa simu. Umeandika kana kwamba barua hii itasomwa na mtu mmoja tu, yule uliyemtaja kwa cheo chake juu ya ukurasa, na kwamba ataisoma akiwa ametulia, hana kazi nyingine.

Kazi ya masjala imenionyesha jinsi barua rasmi inavyosafiri. Ikifika hupigwa muhuri wa kupokelewa, huandikwa kwenye rejesta, huwekwa ndani ya jalada linalohusika, kisha jalada hupelekwa kwa mkuu, ambaye mara nyingi huandika maneno mawili matatu, "Shughulikia tafadhali," na kulishusha kwa ofisa aliye chini yake. Ofisa huyo hakujui, wala hukumkusudia ulipokuwa ukiandika, lakini ndiye mwenye kutenda. Na likizuka swali baadaye, mtu wa tatu, pengine aliyeajiriwa baada ya wote hao kuhama, atalifungua jalada lile lile na kuitegemea karatasi yako peke yake. Barua pepe haitofautiani na hiyo: hutumwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kwa kubofya mara moja, nawe hutakuwepo kueleza ulichokuwa ukimaanisha. Kwa hiyo mwandikie mgeni. Aweze kujua ni nani ameandika, lini, anaomba nini na kwa msingi gani, bila kulazimika kumuuliza mtu yeyote.

Tuanze na kichwa. Umeandika "YAH: MAOMBI". Maombi ya nini? Karani anayepanga barua hawezi kujua kama unaomba kazi, likizo, msaada wa fedha au kiwanja. Andika "YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO, IDARA YA UHASIBU, JULAI HADI SEPTEMBA", na barua itafika mezani panapostahili kabla hata haijasomwa. Kwenye barua pepe, maneno yanayobeba jambo lenyewe yatangulie, kwa sababu skrini ya simu hukata kichwa kirefu na kuacha maneno ya mwanzo tu: "Mafunzo kwa vitendo, Uhasibu, Julai hadi Septemba: maombi".

Aya yako ya kwanza ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Inasema: "Natumaini barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya na ukiendelea vema na majukumu yako ya kila siku. Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu na mwenye ari ya kujifunza." Ombi lenyewe linajitokeza katika aya ya tatu. Tazama namna hii: "Ninaomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika Idara ya Uhasibu kuanzia tarehe 1 Julai hadi tarehe 30 Septemba. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu, na mafunzo haya ni sehemu ya masharti ya kozi yangu." Kwa sentensi mbili tu, msomaji anajua la kufanya, na hata akiishia hapo ameshapata cha kuamulia.

Wapo watakaokuambia kwamba kuingia moja kwa moja kwenye ombi ni kukosa adabu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kumjulia mtu hali ni kuzuri katika barua ya kirafiki kama hii ninayokuandikia, lakini adabu ya barua rasmi iko mahali pengine: katika kumtaja mwandikiwa kwa cheo chake sahihi, katika kuomba badala ya kuamuru, na zaidi ya yote katika kumpunguzia kazi. Na hayo maneno ya uchapakazi na uaminifu yaondoe, kwa maana kila mwombaji huyaandika na hakuna anayeweza kuyapima. Ulitunza hesabu za chama cha wanafunzi kwa mwaka mzima na zikakaguliwa. Liseme hilo kwa sentensi moja, na uaminifu wako utaonekana bila kuutaja.

Kuhusu mpangilio sina la kusema sana, kwani umeupatia: anwani yako juu upande wa kulia, tarehe, anwani ya mwandikiwa upande wa kushoto, salamu, kichwa, mwili, "Wako mwaminifu", saini na jina kamili. Rekebisha tarehe tu. Umeandika 3/4, ambayo kwa wengi ni tarehe 3 Aprili lakini kwa msomaji aliyezoea mtindo wa Marekani ni tarehe 4 Machi. Andika jina la mwezi kwa maneno. Na siku wakikujibu, ukitaka kuwaandikia tena, taja katika sentensi ya kwanza namba ya kumbukumbu iliyo juu ya barua yao na tarehe yake. Watu hulipuuza jambo hili, na mimi nimeshuhudia barua nzuri zikikaa bila kujibiwa kwa kuwa hakuna aliyejua ni jalada lipi la kulitoa kabatini.

Sasa barua pepe. Alama ya @ ambayo Ray Tomlinson, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliichagua mwaka 1971 kulitenga jina la mtu na jina la kompyuta anakopatikana, bado inafanya kazi ile ile. Na kilicho upande wake wa kushoto ndicho kitu cha kwanza ambacho ofisi itakiona kuhusu wewe. Lile jina la utani ulilojipa ulipokuwa sekondari liachie marafiki. Fungua anwani yenye majina yako mawili. Faili la wasifu lihifadhi kwa muundo wa PDF ili mpangilio usivurugike kwenye kompyuta nyingine, nalo libebe jina lako, maana faili linaloitwa "wasifu" tu hupotelea kati ya mengine yanayoitwa vivyo hivyo. Ambatisha mafaili kwanza, andika ujumbe, na anwani ya mpokeaji ijaze mwisho kabisa, baada ya kusoma kila kitu tena kwa sauti.

Uwe mwangalifu na nakala. Zamani za taipureta, kila nakala ilihitaji karatasi nyingine ya kaboni, na ya nne au ya tano ilikuwa hafifu kiasi cha kusomeka kwa shida, hivyo mtu alifikiri kabla ya kumwongeza mwingine. Leo kuongeza majina hakugharimu chochote, ndiyo maana maofisa hupokea barua zisizowahusu mpaka wanaacha kuzisoma. Anayetakiwa kutenda awekwe kwenye "Kwa". Anayetakiwa kujua tu awekwe kwenye nakala. Na kabla ya kubofya "Jibu wote", pitia jina moja moja. Nakala fiche (Bcc), inayoficha majina ya waliowekwa humo, itumie unapowaandikia watu wengi wasiofahamiana, ili anwani zao zisisambae. Kuitumia ili bosi asome mazungumzo yako na mwenzako kwa siri ni usaliti, nami sitaki uufanye.

Ukikaa wiki mbili bila jibu, usianzishe barua mpya. Jibu chini ya ile ile uliyotuma, ili ya awali ionekane, na useme tu kwamba unafuatilia maombi yako ya tarehe fulani. Wakikukubalia, wajibu siku hiyo hiyo ukithibitisha tarehe ya kuanza. Wakikukatalia, pia wajibu, kwa shukrani na kwa sentensi zisizozidi mbili, kwa sababu jibu hilo nalo litaingia kwenye jalada lenye jina lako.

Wako akupendaye,
Mama