Barua ya Wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Uskoti: Tubakishieni Nafasi Melini

Mheshimiwa Waziri,

Nakala ya Kiingereza ya barua hii imekwisha kutumwa ofisini kwako. Hii ya Kiswahili nimeiandika kwa ajili ya wenzangu wa Afrika Mashariki wanaoishi na kufanya kazi Uskoti, na pia kwa sababu nimekaa miaka sita miongoni mwa watu wanaoiandikia serikali yao kwa Kigaeli, lugha ya asili ya visiwa vyao, bila kuomba radhi, nikajifunza kwao.

Mimi ni mzaliwa wa Mafia. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao katika kisiwa cha Barra, ambacho wenyewe hukiita Barraigh, karibu na ncha ya kusini ya Hebrides ya Nje, msururu wa visiwa vya magharibi mwa Uskoti. Sensa ya 2011 ilihesabu hapa watu 1,174. Barabara kuu inakizunguka kisiwa chote, na mtu akiugua upande mmoja, upande wa pili wanajua kabla chai haijapoa.

Wengi huko nje wanaijua Barra kwa uwanja wake wa ndege, nami siwalaumu. Ndege ndogo ya Twin Otter kutoka Glasgow hutua juu ya mchanga wa ufuo wa Tràigh Mhòr, pasipo hata kipande cha lami. Njia tatu za kurukia zimewekewa alama za nguzo za mbao, na maji yakijaa zote huzama, hivyo ratiba ya ndege hupangwa kwa kufuata kujaa na kupwa. Sisi tuliokulia pwani hatushangai safari kungoja maji, kwani majahazi yetu yamefanya hivyo tangu enzi za mababu; kilichonishangaza mimi ni kuona ndege ikiruka, kisha watu wenye ndoo wakishuka pale pale kuokota kombe.

Lakini ndege hiyo ina viti 19. Kipo pia kivuko cha dakika 40 kwenda kisiwa cha Eriskay, chenye manufaa kwa anayeelekea visiwa vya Uist, ila hakimfikishi mtu bara. Maisha yetu hasa yako katika meli ya Oban, bandari iliyoko bara, safari ya karibu saa 5, ambayo ndiyo inayotuletea chakula cha dukani, malisho ya ng'ombe, saruji, wageni, na jamaa zetu wanaokuja kuzika. Tangu 2008, nauli za meli za Hebrides ya Nje zilipoanza kupangwa kwa kulinganishwa na gharama ya kusafiri umbali huohuo kwa barabara, safari imekuwa nafuu kwetu na kwa watalii vilevile. Nafuu hiyo hatuikatai hata kidogo. Ila sitaha ya magari haipanuki kwa kuwa nauli imeshuka, na mwenye gari la kulalia hukata tiketi yake miezi mingi kabla ya kiangazi, ilhali mgonjwa na mfiwa hawana namna ya kupanga tarehe.

Mwezi Mei mwaka jana, bibi mmoja ninayemhudumia alitakiwa kwenda Glasgow kutibiwa macho. Hawezi kupanda ngazi ya ndege, kwa hiyo binti yake alikata nafasi ya gari melini. Upepo ukavuma, safari ikafutwa, na hilo hatukumlaumu mtu yeyote. Tulipouliza safari inayofuata, tukaambiwa kwa adabu kubwa kwamba meli zilizobaki zilikwisha kujaa, na kwamba nafasi ya kwanza ya gari ingepatikana baada ya siku tisa. Aliyekuwa na haki ya kusafiri jana akawa wa mwisho katika foleni ya kesho. Miadi ikapotea, na ilipotokea mara ya pili mwezi Agosti, binti yake akaamua kumhamishia kwake, karibu na Glasgow.

Nyumba ile ilikuwa na vizazi vinne. Kitukuu wa miaka mitano alimwita bibi huyo *sibh*, neno la heshima la Kigaeli ambalo mtoto hathubutu kuliacha mbele ya mkubwa, kama nasi tusivyothubutu kumpita mzee bila shikamoo. Sasa mtoto huyo anasikia Kigaeli shuleni, kisha anarudi nyumbani kwenye runinga ya Kiingereza.

Mwaka 2011 zaidi ya nusu ya wakazi wa Hebrides ya Nje walisema wanazungumza Kigaeli. Sensa ya 2022 ikakuta wameshuka chini ya nusu. Sheria ya lugha ya 2025 imekipa Kigaeli hadhi rasmi, jambo nililolishangilia kama mwenyeji. Sheria ya visiwa ya 2018 nayo inazitaka mamlaka zipime athari za sera zao kwa jamii za visiwani. Ninachouliza ni kama kanuni za kugawa nafasi melini zimewahi kupimwa kwa swali hili: ni nani atakayebaki kuizungumza lugha hiyo, ikiwa wazee wanahamishwa kwa kukosa nafasi ya gari?

Visiwa jirani zetu wa kusini vina majibu mawili. Mingulay, isiyo na gati la kutegemewa, ilihamwa mwaka 1912. Vatersay ilikuwa ikivusha ng'ombe wake kuja Barra kwa kuwaogelesha, na mwaka 1986 akazama fahali aitwaye Bernie. Habari zikaenea, na mwaka 1991 tuta la barabara la kuiunganisha na Barra likafunguliwa. Watu walikuwa wakiliomba kabla ya hapo. Ilibidi fahali afe.

Ombi letu ni dogo kuliko tuta. Kila safari ibakiziwe nafasi chache za magari kwa wakazi hadi siku mbili kabla ya kung'oa nanga, zikikosa mwenyewe ziuzwe kwa yeyote. Na safari ikifutwa, wenye miadi ya hospitali na wenye misiba watangulizwe katika meli inayofuata.

Nakukaribisha uje ujionee. Nitafurahi zaidi ukija mwezi Julai, na gari lako, na ukikata tiketi siku tatu kabla.

Wako kwa heshima,
Mhudumu wa wazee, Barra