Taarifa ya Mwenyekiti, 2021/22: Turudi Kambini, Lakini Karavani Kwanza

Ndugu wanachama,

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote hamjambo. Taarifa hii ya chama chetu cha wenye karavani, vijumba vya magurudumu vinavyovutwa na gari, hapa Uingereza, ni ya mwaka ulioishia Machi 31, 2022. Mambo ya ndani ya chama ni machache: ada haipandi, kamati ni ileile, na safari ya pamoja hatukupanga hata moja. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki katika miaka hii miwili tutawataja kwa majina mkutanoni, tukiwa wote tumesimama. Kurasa zilizobaki nimezitoa kwa swali ambalo mmelileta wengi: turudi kambini sasa, au tungoje?

Mpaka mwaka jana serikali ndiyo iliyokuwa ikitujibia. Machi 23, 2020 tuliambiwa tukae majumbani kwa ajili ya korona. Kambi za England zilifunguliwa Julai 4, zikafungwa tena Novemba, na baada ya katazo la Januari 2021 ikabidi kungoja hadi Aprili 12, waliporuhusiwa wenye karavani zinazojitegemea kwa choo na jiko. Mabafu ya pamoja katika kambi nyingi yalibaki na kufuli mpaka Mei 17. Masharti mengi yaliondoka Julai 19, na Februari 24, 2022 hata lile la kujitenga ukiugua likafutwa England. Scotland barakoa za madukani zilibaki sheria hadi Aprili 18, 2022. Baada ya hapo kila mtu na uamuzi wake.

Msimamo wa kamati ni huu: anayetaka kurudi arudi, ila tarehe ya safari asiichukue kwenye sheria. Aichukue kwenye vitu viwili vilivyokaa bila kazi muda mrefu, yaani karavani yake na mwili wake. Maswali mengi tuliyopokea ni ya choo cha pamoja. La tairi hatujaulizwa hata moja, na tairi ndilo linalotunyima usingizi sisi.

Nianze na korona ili niimalize. Virusi hivi husafiri zaidi kwa hewa ya ndani iliyotuama, kwa hiyo kufuta koki kwa dawa kila dakika kunasaidia kidogo tu. Kinachosaidia ni kutokaa chumba kimoja na watu wasio wa nyumbani kwako, na kwa hilo karavani inaishinda hoteli: kitanda chako, choo chako, mlango wako. Ukilazimika kuoga kwenye bafu la pamoja, nenda saa tano asubuhi au saa nane mchana. Saa mbili asubuhi kila mtu yuko foleni na taulo begani. Chai na majirani inywewe chini ya hema la ubavuni lililofunguliwa pande mbili. Ukifunga pande zote umejenga chumba kingine. Waliofika miaka 75 na wenye kinga dhaifu waliitwa kwa dozi ya nyongeza majira ya kuchipua ya 2022. Mkiitwa, ipateni, muipe chanjo wiki mbili ifanye kazi, kisha mfunge safari. Wale ambao NHS, huduma ya afya ya serikali, imewaandikia kuwa wanastahili dawa za kupunguza makali ya korona wakumbuke kwamba dawa hizo huanzwa ndani ya siku 5 tangu dalili zianze. Kambi isiyo na mtandao wa simu, yenye mandhari nzuri kiasi gani, si ya kwao mwaka huu. Vipimo vya bure vya korona vilikoma England kwa watu wengi Aprili 1, 2022. Nunueni viwili vitatu duka la dawa mviweke kwenye droo.

Sasa tairi. Tairi la gari huisha kwa kulika, la karavani huisha kwa uzee. Sheria inataka kina cha mifereji kisipungue milimita 1.6, na karavani nyingi zina milimita 6 au zaidi, basi mwenye nayo anaridhika. Soma ubavu wa tairi. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne: 1416 maana yake lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2016. Mara nyingine tarakimu hizo ziko upande wa ndani tu, ikabidi ulale chini na tochi, au umwombe mjukuu alale yeye. Tairi likifika miaka 5 anza kutenga pesa ya jipya. Likipita miaka 7 lisiingie barabarani hata kama linang'aa. Kwa karavani iliyosimama tangu 2020 hesabu ni mbaya zaidi, kwa sababu uzito wote ulikalia sehemu moja ya tairi huku upepo ukipungua kidogo kidogo, na nyuzi za ndani ya ubavu zikakunjika palepale. Tairi la namna hiyo hupasuka barabara kuu, kwenye mwendo na joto. Uani halikuonyeshi kitu. Ukiona nyufa ndogo kama za udongo uliokauka, libadilishe. Tairi la akiba nalo ni tairi, lina tarehe yake. Nati za magurudumu kazeni kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha karavani, halafu mzikague tena baada ya maili 30 hivi.

Breki zina ugonjwa wao. Aliyeacha hendibreki imevutwa majira mawili ya baridi atakuta viatu vya breki, yaani vipande vinavyobana, vimegandana kwa kutu na ngoma, kile kikombe cha chuma kinachozunguka na gurudumu. Dalili ni gurudumu kuburuzwa bila kuzunguka. Msivute kwa nguvu ya gari, maana kiatu kinaweza kubanduka kikabaki ndani ya ngoma. Zuia gurudumu la upande wa pili kwa vigingi, legeza hendibreki kabisa, gonga ngoma kwa nyundo ya mpira, kisha ondoa vigingi usukume karavani mbele na nyuma kidogo kidogo. Isipoachia, ita fundi. Na kama ekseli ni ya kampuni ya AL-KO na fundi amefungua ngoma, mwulizeni swali moja: ameweka nati mpya ya katikati? Nati ile hutumika mara moja tu, na hukazwa kwa Nm (njutonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 290. Spana ya kawaida ya nyumbani haifiki huko. Kuanzia sasa karavani ikilazwa, hendibreki iachwe wazi na magurudumu yawekewe vigingi.

Kwenye gesi, buibui ndiye mhalifu. Hupenda kutaga ndani ya tundu la kichomeo cha friji na hita, na moto ukiwaka wa manjano badala ya bluu, ujue hewa haichanganyiki sawasawa na sumu ya kaboni monoksaidi inatoka. Zima, fungua madirisha, na usitie sindano kwenye tundu, maana ukilipanua kidogo tu vipimo vimeharibika. Mpira wa gesi umechapwa tarehe. Ukiwa mkavu au una nyufa unapokunjwa, utupe. Kila kiungo kipakwe povu la sabuni huku mtungi ukiwa wazi, na mapovu yakiota kuna mvujo. Kengele ya kaboni monoksaidi nayo ina tarehe ya mwisho nyuma yake, kwa kawaida miaka 5 hadi 7, na kitufe kikilia haina maana kihisio bado kizima. Matundu ya hewa ya sakafuni na juu yasizibwe kwa taulo hata usiku wa baridi. Anayesafiri Aprili achukue propani: butani hukataa kugeuka gesi joto likikaribia nyuzi 0.

Maji yaliyolala ndiyo yenye bakteria wa legionela, ambao huzaliana kati ya nyuzi 20 na 45 na hutuingia mapafuni kwa mvuke wa shawa. Wazee ndio hasa wanaoumizwa nao. Mwaga kila kitu, ondoa kichujio cha maji na ukitupe. Kwa pipa la lita 40, mililita 100 za dawa ya klorini ya asilimia 2 (ile ya kuoshea chupa za watoto) hutoa miligramu 50 kwa lita. Pitisha kwenye koki zote mpaka harufu itoke, acha saa moja, kisha suuza mara mbili tatu. Kasoro moja: watengenezaji wengine wa hita za maji hawataki klorini ifike kwenye tangi lao la chuma cha pua. Someni kitabu. Kama imekatazwa, tumieni dawa isiyo na klorini, halafu mpandishe hita hadi nyuzi 70. Kichwa cha shawa kifunikeni kwa mfuko wakati wa kusuuza mara ya kwanza ili maji yasitawanyike hewani. Siki msichanganye na klorini, kwani hutoa gesi ya sumu.

Betri ikisoma volti 12.7 baada ya kupumzika saa kadhaa imejaa, 12.2 ni nusu. Iliyoachwa chini ya 12 miezi mingi imekufa hata kama chaja inaonyesha taa ya kijani. Wengi wetu tunategemea mota ya kusogeza karavani, nayo huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Ijaribuni uani kwenye mteremko mdogo. Kambini umeme wa nguzo ni ampea 6, 10 au 16. Kwenye ampea 10 mnapata wati 2,300, kwa hiyo birika la nyumbani la wati 3,000 litakata umeme. Waya ufunguliwe wote kwenye kibiringo, maana uliozungushwa hupata joto hadi kuyeyuka. Chomekeni kwanza upande wa karavani, kisha nguzoni, na mbonyeze kitufe cha kujaribu kifaa cha kukata umeme.

Unyevu wa kuta upimeni kwa mita: mpaka asilimia 15 hakuna neno, 15 hadi 20 iangaliwe, zaidi ya 20 itafutwe inakovuja, na zaidi ya 30 mbao zimeanza kuoza.

Halafu uzito. Karavani nyingi ziligeuka stoo wakati wa kufungiwa. Toeni kila kitu, pakieni upya. Uzito unaokaa kwenye ndoano ya gari uwe asilimia 5 hadi 7 ya karavani iliyopakiwa: ya kilo 1,400 ni kilo 70 hadi 98, bila kupita kikomo cha gari wala cha kichwa cha kuungia, kilicho kidogo zaidi. Nyepesi mno mbele, karavani huyumba nyuma kama mkia.

Na mwili nao. Pipa lililojaa ni kilo 40 za maji, livingirisheni, msilinyanyue. Sanduku la choo likijaa hufika karibu kilo 20, basi limwageni kila siku likiwa jepesi. Miguu ya pembeni ya karavani ishusheni kwa drili ya betri yenye soketi ya milimita 19. Mwenye insulini asiiweke karibu na mapezi ya chuma yaliyo ndani ya friji kwa nyuma, kwa sababu pale hugandisha, na insulini iliyoganda haifai tena. Iwe kati ya nyuzi 2 na 8, na kipimajoto kidogo kiwe kando yake.

Leseni: baada ya miaka 70 huhuishwa kila miaka 3. Anayeendesha gari-nyumba la zaidi ya kilo 3,500 lazima ajaze pia fomu ya daktari, D4, vinginevyo haki hiyo inaondoka. Walioongezewa miezi 11 ya leseni mwaka 2020 watazame kadi zao, kwa sababu nyongeza ilikwisha zamani.

Kuhusu Ufaransa na Hispania, kamati inashauri mngoje mwakani. Anayekwenda na pasipoti ya Uingereza ana siku 90 tu katika kila 180, kwa hiyo majira yote ya baridi kule kusini hayapo tena. Kibandiko cha nchi nyuma ya gari, cha GB, kimebadilika kuwa UK tangu Septemba 28, 2021. Nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia, na sambusa za nyama zimo kwenye katazo hilo. Za dengu zinapita.

Tuliyoamua: hadi mwisho wa Juni chama hakiandai kambi ya pamoja. Safari ya kwanza ya kila mwanachama tunashauri iwe usiku mmoja, katikati ya wiki, si zaidi ya maili 30 kutoka nyumbani, ili kitakachoharibika kiharibikie karibu. Chama kina spana ya toki, mita ya unyevu na mizani ya ndoano. Vinaazimwa siku 7, bila malipo, kwa katibu. Mita ya unyevu irudishwe na betri yake ndani.