Kabla ya rangi na logo, tuongelee visanduku vya kujaza

Wateja wetu wengi wakija kuagiza websaiti wanataka kuanza na rangi na logo, sawa, ila sisi tutakuuliza kwanza: mfanyakazi wako akifungua ukurasa wa kuingiza safari mpya, au tangazo jipya la shule, akute visanduku gani vya kujaza? Hilo ndo linaamua kama websaiti itaendelea kuandikwa au itakaa na habari za mwaka juzi.

Mfumo wenyewe, yaani programu ya kuendeshea websaiti kama WordPress au Drupal, unakupa kidogo tu. WordPress ukiitengenezea aina mpya ya maudhui, tuseme Safari, usipoiambia zaidi inakupa kichwa na sehemu kubwa ya kuandika basi. Drupal 10 ya kawaida inakuja na aina mbili za maudhui: Article yenye picha, tagi na komenti, na Basic page ambayo haina hivyo. Sasa mtu akitumia Article kuweka bei za safari, komenti zinakuwa wazi chini ya bei, na ukiruhusu kila mgeni kukomenti, spamu (matangazo ya ovyo) haichelewi kufika, kwa hiyo sisi kwenye kurasa za bei komenti tunazima tangu mwanzo.

Kazi kubwa iko kwenye aina ya kisanduku. Tarehe ikiwa maandishi tu, mmoja anaandika 12 Juni, mwingine 12/6, mwingine "katikati ya mwezi wa sita", na hapo mfumo hauwezi kupanga matukio kwa mfuatano wala kuficha yaliyopita, lazima mtu akae afute kwa mkono. Weka kisanduku cha tarehe. Bei iwe namba, na sarafu ikae kwenye kisanduku chake maana kwa safari za Arusha wageni wa nje wanauliza dola na wateja wa ndani wanauliza shilingi. Ila namba ya simu, ingawa inaitwa namba, iweke maandishi jamani, ukiiweka namba ile sifuri ya mbele inapotea na mteja hapigi tena. Haya tunayakomalia mapema kwa sababu kwenye Drupal kisanduku kikishaingia data huwezi kugeuza aina yake hivi hivi, inabidi kutengeneza kingine na kuhamisha kila kitu, na hiyo ni gharama yako.

Vya lazima viwe vichache. Kwa safari tunapendekeza jina, idadi ya siku, bei ya kuanzia, picha moja na maelezo mafupi. Ukilazimisha visanduku kumi na tano, watu wanajaza nukta au "xxx" ili tu wasevu, na hizo xxx ndo mteja wako anaziona.

Kuongeza kisanduku baadaye ni rahisi, hivyo usiogope kuanza na vichache. Ukija ofisini, njoo na matangazo yako matatu manne ya zamani, hata yale ya WhatsApp, tutayasoma pamoja, na kinachojirudia kwenye yote ndo tutakiwekea kisanduku.