Sikio la taa limevunjika, naambiwa ninunue taa nzima

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika kwamba sisi wenye pikipiki tunalalamikia bei za spea ilhali tunaziharibu wenyewe. Sehemu ya maneno yake ni kweli na nitaifikia. Lakini kuna jambo hakuligusa, na hilo ndilo linalotumaliza.

Mimi ni msoma mita za maji. Pikipiki yangu ni ya cc 125, niliinunua mpya, na huu ni mwaka wa tisa naipanda siku sita kwa wiki. Kazi yenyewe ni kusimama, kushuka, kuinama, kuandika namba na kupanda tena. Kwa siku naiegesha mara tisini hivi. Nikisema pikipiki yangu ilianguka ikiwa imesimama, naomba niaminiwe.

Siku hiyo mita ilikuwa inavuja na ardhi pembeni yake imelowa. Niliona maji, ila akili yangu ilikuwa kwenye uvujaji, kwa sababu lazima niuandikie taarifa. Nikateremsha stendi ya ubavuni, nikainama kupangusa kioo cha mita. Nyuma yangu nikasikia ka! Stendi ilikuwa imezama kwenye tope polepole, na pikipiki ikalala ubavu wa kushoto juu ya jiwe. Injini imezimwa, hakuna aliyeguswa. Ukiitazama kutoka mbali ungesema imejipumzisha.

Nilipoiinua nikaanza kuhesabu. Kioo cha kushoto kimepasuka. Indiketa ya mbele inaning'inia kwa waya. Leva ya klachi imekatika ncha, na hapo nimshukuru aliyeibuni, maana leva ile ina mfuo mdogo karibu na mwisho ili ikigongwa ikatike ncha tu na vidole viwili vibaki na pa kushika. Pedeli ya gia imepinda kuelekea injini. Na taa kubwa imechungulia chini kama mtu aliyeona aibu, kwa sababu sikio lake la kushoto, kile kijipande cha plastiki kinachopitisha bolti, limevunjika.

Kioo, indiketa na leva nilinunua siku hiyohiyo, kila kimoja peke yake, kwa bei inayouma lakini inayolipika. Pedeli fundi aliifungua, akaipasha moto na kuinyoosha. Nilimwona akiichomoa kwanza badala ya kuigongea palepale ilipo, nikajua nimefika kwa fundi, maana nyundo ya haraka pale ingemaliza shafti ya gia na sili yake.

Balaa lilikuwa kwenye sikio.

Kijipande chenyewe hakifiki urefu wa kidole gumba changu. Kioo cha taa kizima, hakina hata mkwaruzo. Globu nzima, ni ile ya HS1 ya wati 35 kwa 35, inawaka mwanga wa juu na wa chini. Soketi na waya vizima. Nilikwenda kwa wauzaji watatu na jibu likawa moja: sikio haliuzwi, mgongo wa taa, yaani ganda la nyuma lenye masikio, hauuzwi, inauzwa taa kamili ndani ya boksi lake. Bei yake ilizidi ya matairi mawili mapya, la mbele na la nyuma. Bima yangu ni ile ya kumlipa mtu wa tatu, na hapa mtu wa tatu hayupo. Nipo mimi na jiwe.

Haikuwa mara ya kwanza. Miaka mitatu iliyopita ilipotea springi ya kitufe cha honi, springi nyembamba kama ile ya kalamu. Nikaambiwa ninunue swichi nzima ya kushoto, pamoja na ya indiketa, ya mwanga wa juu na kifungu cha waya chenye soketi yake. Springi ya kalamu ndiyo iliyonisaidia, na honi inalia hadi leo.

Sasa nieleze kwa nini naandika. Kwa kuwa maisha yangu ni kuandika namba, nina daftari la pikipiki. Kila spea inayoingia naandika siku, kilomita na nililipa nini. Jioni ile ya sikio nilikaa nalo nikajumlisha miaka yote tisa, na nilichokiona kilinishangaza. Vitu vinavyolika kila mara, yaani tairi, cheni na sproketi zake (magurudumu mawili ya meno yanayoishika), viatu vya breki, plagi, waya wa klachi na beringi za magurudumu, vimenila fedha kwa idadi, lakini bei ya kimoja kimoja haikunipa homa. Walioniumiza ni wale waliokuja mara moja moja: kava la injini, plastiki za ubavuni.

Tofauti iko kwenye namba. Cheni yangu ni 428. Tarakimu ya kwanza inataja umbali kati ya pini na pini kwa sehemu za nane za inchi, kwa hiyo 4 ni nusu inchi, milimita 12.7. Kiwanda chochote duniani kikitengeneza 428, itakaa kwenye sproketi ya 428. Tairi nalo lina vipimo vyake ubavuni, na muuzaji akisoma 2.75-17 hahitaji kuniuliza pikipiki ya kampuni gani. Kitu cha namba inayojulikana na wote kina watengenezaji wengi na wauzaji wengi, na bei inajishika adabu. Sikio la taa halina namba ya namna hiyo. Umbo lake ni la modeli moja, linatoka mlango mmoja, na mwenye mlango anapanga.

Hili nililijua kwa mikono yangu kupitia beringi. Gurudumu la mbele lilianza kuguna, fundi akatoa beringi, nikaenda kununua nyingine iliyofungwa kwenye pakiti yenye jina la pikipiki. Bei ikanirudisha nyuma. Nikafuta grisi kwenye ile ya zamani kwa shati langu (mke wangu hajaisahau shati ile) nikaona imechongwa 6202. Nikacheka peke yangu. Beringi za 6202 nazifahamu kazini, zimo kwenye mota za pampu ndogo za maji! Tundu la ndani milimita 15, kipenyo cha nje 35, unene 11. Nikaenda kwa muuza vifaa vya pampu, nikanunua mbili kwa chini ya bei ya ile moja ya kwenye pakiti. Nilihakikisha tu zimeandikwa 2RS, maana yake zina raba pande zote mbili za kuzuia maji na vumbi, na kwamba ni za mtengenezaji anayejulikana. Zimekwenda kilomita elfu thelathini na bado hazijaguna.

Kwa hiyo ninapodai namba, sidai urembo. Kila kiwanda cha pikipiki kina kitabu cha spea chenye michoro: injini imetawanywa kipande kwa kipande, na karibu kila bolti, raba na springi ina namba yake. Mafundi wachache wana nakala zilizofifia kwenye simu zao na wanazilinda kama hati za nyumba. Muuzaji anacho. Kwa nini mnunuzi asikione? Ningekwenda dukani nikasema nataka namba fulani, muuzaji angejibu ipo au haipo, na bei ni hii. Sasa hivi naenda na kipande kilichovunjika mkononi, anakitazama, ananitazama mimi, ndipo anataja bei. Nguo za kazi zikiwa safi, bei inapanda. Sijidanganyi, nimejaribu mara mbili.

Nirudi kwa msomaji aliyetulaumu. Anasema hatutunzi. Nakubali kwamba wengi wetu tunaua cheni kwa kuiacha ikiwa kavu, kisha tunafunga cheni mpya juu ya sproketi zilizokwisha chongoka meno kama papa, na baada ya miezi michache tunasema cheni za siku hizi ni feki. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, daftari linanishuhudia: cheni ya pili ilidumu nusu ya ile iliyokuja na pikipiki. Tangu nianze kubadilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, na kuacha cheni icheze sentimita mbili hadi tatu tu kama kitabu changu kinavyosema, kilomita zimerudi.

Anasema pia tunapenda vya rahisi. Hapo amenigusa kidonda. Mwaka wa nne nilinunua viatu vya breki ya nyuma vilivyokuwa kwenye boksi zuri kuliko la vile halisi. Kiatu cha breki ni metali iliyogandishwa juu yake kwa gundi bitana, tabaka linalosugua ndani ya ngoma ya gurudumu, na uzima wako uko kwenye gundi ile. Wiki ya tatu, nateremka mlima, nikagusa breki, bitana ikabanduka ikajikunja ndani ya ngoma. Gurudumu la nyuma likakaba papo hapo. Pikipiki ilikwenda upande kama kaa, na sijui ni nani aliyeishika, maana si mimi. Ilisimama ukingoni mwa barabara. Fundi alipofungua ngoma, bitana ilitoka nzima mkononi mwake, kama ganda la ndizi.

Lakini naomba msomaji ajiulize mtu anafikaje kwenye boksi lile. Mwezi ule nilikuwa nimetoka kununua kava la klachi, kava zima, kwa ufa mmoja. Fedha ya viatu halisi ilikuwa imekwenda huko. Mwenye kukamuliwa kwenye plastiki anakwenda kubana kwenye breki. Ndiyo maana sioni kama haya ni malalamiko ya mfuko peke yake.

Najua nitajibiwa kwamba kuweka akiba ya vipande vidogo kuna gharama, rafu hazitoshi, na sikio moja huenda likauzwa mara moja kwa mwaka. Sawa. Basi agizeni kwa oda, nitasubiri mwezi, nitalipa nusu kabla. Nitajibiwa pia kwamba modeli zinabadilika. Hilo ndilo hasa. Injini ya pikipiki yangu imebaki ileile kwa miaka mingi, lakini taa na plastiki zimebadilishwa sura mara mbili tangu niinunue, na kila mara tundu la bolti limesogezwa kidogo ili taa mpya isikubali mgongo wa zamani. Honda walianza kutengeneza Super Cub mwaka 1958, na mwaka 2017 walifikisha milioni 100 za jamii hiyo. Hakuna aliyeikimbia kwa sababu haikubadilishwa sura kila siku.

Wanaotaka kununua pikipiki mpya nawaomba wafanye nisichofanya mimi. Kabla ya kuulizia rangi, muulize muuzaji bei ya taa ya mbele, swichi ya kushoto, kava la klachi na tangi. Mtazame usoni anapojibu. Uliza kama mgongo wa taa unauzwa peke yake. Akisema pikipiki hii haiharibiki, jua kwamba hajawahi kuiegesha karibu na bomba linalovuja.

Na sikio langu? Fundi aliigeuza taa, akamulika ndani ya mgongo wake kwa tochi, akanionyesha herufi mbili zilizochongwa kwenye plastiki: PP, yaani polipropilini. Akasema plastiki hii gundi haiikamati, hata ungemwaga chupa nzima, inaungwa kwa kuyeyushiwa plastiki ya aina yake tu. Akatafuta kwenye lundo lake kipande cha madigadi kuukuu chenye herufi zilezile, akakikata vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti. Akapasha ncha ya chuma cha kulehemu, akazamisha kipande cha wavu wa chuma kwenye mvunjiko, akajazia juu yake kijiti baada ya kijiti, akitulia na kupuliza kati ya kimoja na kingine. Ilimchukua saa moja na nusu. Mwisho akatoboa tundu la bolti kwa msumari wa moto. Ni baya kwa macho, jeusi lenye mabonde, lakini nimelivuta kwa mkono na halikutikisika.

Alinitoza chini ya bei ya kioo cha pembeni. Nilimwongezea.

Taa imekaa, ila tundu lilitoka chini kidogo ya mahali pake, kwa hiyo usiku naona vizuri mtaro wa kushoto kuliko barabara. Fundi ameniambia nirudi Jumamosi alipanue. Na kama kuna muuzaji anayesoma hapa na anauza mgongo wa taa bila taa, Mhariri anayo anwani yangu.

Msoma mita